Sukari ya Kipande

Kabla ya yote niseme kwamba mimi si daktari. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mengi niliyoyaamini wakati wa ugonjwa huu hayakuwa kweli. Lakini nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza paka mwenye sukari anatunzwaje, sikumpata. Niliowapata walikuwa wa kucheka. Kwa hiyo wewe ambaye paka wako anakunywa maji kama ng'ombe na hujui pa kwenda, nimekuandikia wewe. Penye kosa langu nimeandika kosa, ili usije ukalirudia.

Naitwa Nyamizi, fundi cherehani hapa Tabora, upande wa barabara ya Kwihara. Mume wangu, Mihambo, anafuga nyuki. Akiingia porini kwenye mizinga yake hukaa wiki mbili au tatu. Kipande ni paka dume wa rangi ya majivu. Alikuja mwenyewe akiwa mdogo, akalala kwenye kapu la vipande vya vitambaa, jina likawa hilo. Ana miaka tisa au kumi. Sina hakika, na sitaki kuongopa.

Ilianza msimu wa maembe. Kwanza maji. Alimaliza bakuli lake, akahamia ndoo ya kunawa, kisha nikamkuta ameingiza kichwa kwenye beseni nililoloweka nguo. Nikasema ni joto. Halafu mkojo: alikojoa kama mtu mzima, uani, na kila alipokojoa sisimizi walijaa. Nilifagia sisimizi asubuhi na jioni bila kujiuliza wamefuata nini. Kula alikula, tena kwa pupa, na bado akakonda. Siku moja, kwa kuwa futi ilikuwa shingoni mwangu, nikampima kiuno. Nikaandika ukurasa wa nyuma wa daftari la wateja: Kipande, kiuno, inchi kumi na tano. Wiki iliyofuata kumi na nne. Iliyofuata kumi na tatu na robo.

Kisha tumbo likachafuka. Akatapika, akaharisha. Nikampa maziwa apate nguvu, akaharisha zaidi. Nikampa mayai, kesho yake dagaa, keshokutwa nyama. Miguu ya nyuma ikamlegea, akawa anatembea kwa kukanyaga visigino kama mzee aliyevaa kandambili kubwa. Manyoya yakafanya mafundomafundo. Nikimshika mgongo nilihisi mifupa kama shanga kwenye uzi.

Mama Ashura, anayeuza barafu za ukwaju nyumba ya tatu kutoka kwangu, ndiye aliyewatazama sisimizi akasema, "Nyamizi, mama yangu alikuwa hivi hivi. Hiyo ni sukari."

"Sukari ya paka?"

"Sisimizi wanajua ya mtu na ya paka?"

Nikamtia Kipande kwenye kapu, nikafunika kwa kanga, nikaenda kwa daktari wa mifugo.

Kwa asiyewahi kukaa pale: ni benchi moja kwenye baraza, na kila mtu yupo na wake. Mbele yangu alikuwepo mwanamama wa Ntalikwa na mbuzi mwenye jicho bovu, na mzee mmoja aliyewafunga kuku watatu miguu kwa utepe wa gunia. Walipojua ndani ya kapu kuna paka, mazungumzo yakakatika. Paka hapelekwi hospitali. Paka akiumwa huenda zake, na akirudi amerudi.

"Anaumwa nini?" aliuliza yule mzee.

"Labda sukari."

Akanitazama, akalitazama kapu. "Wewe mama, huyo ni paka kweli?"

Hakuwa anatania. Nilivuta kanga nikamwonyesha, na Kipande akalia kidogo, na yule mzee akasogeza kuku wake upande wa pili wa benchi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mimi nitashukiwa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba na mimi nitashuku, tena kuliko wao.

Daktari ni dada wa umri wa kuweza kuwa mwanangu. Wote tunamwita Dokta Rehema. Alimchoma Kipande ukingo wa sikio kwa kisindano, tone la damu likaingia kwenye kipimo kile kile cha watu. Ishirini na saba. Akasema ya paka mzima haifiki hata kumi. Akampa dawa ya minyoo, akaniambia niache maziwa kabisa, chakula kiwe cha aina moja, samaki au nyama ya kuchemsha bila chumvi. Kisha akanifundisha kuchoma insulini: asubuhi na jioni, ale kwanza, unavuta ngozi ya shingoni mpaka inasimama kama hema, unachoma chini yake. Kuanzia yuniti moja. Akisha kula ndipo unachoma. "Asipokula usichome, unipigie," alisema.

Niliandika yote. Niliandika pia: akilegea ghafla, asali kwenye ufizi, mlete. Na kuhusu dawa niliandika neno moja tu, "baridi".

Siku mbili za kwanza alipata nafuu, mpaka nikaogopa kufurahi. Siku ya pili jioni alilamba makucha yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwezi mzima. Siku ya tatu akarudi kwenye ndoo ya kunawa.

Dawa ilikuwa ikikaa kwa Mama Ashura, maana sisi hatuna jokofu. Nilikwenda na kurudi mara mbili kwa siku, na alinipokea bila kununa hata siku moja, hilo liandikwe. Nilichoma kama nilivyofundishwa. Sukari ikabaki ishirini na tano, ishirini na sita. Dokta akapandisha mpaka yuniti mbili. Baadaye tatu. Kiuno kikafika inchi kumi na mbili. Mvua zikachanganya, uani kukawa tope, na tumbo la Kipande likaanza tena.

Mihambo alirudi kutoka porini akanikuta nimekaa chini uani natazama kinyesi cha paka.

"Nyamizi," alisema, "huyu ni paka."

"Najua ni paka."

"Nakukumbusha tu. Kina mama wanapanga foleni hospitali na watoto mgongoni, wewe unamdunga paka. Mimi watu wananiuliza njiani, nawajibu nini?"

Nadhani alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini nikianza kulifuata swali lake namwona Kipande anatembea kwa visigino, na swali linapotea.

Ndipo nilipoanza kushuku. Nilikuwa nikimfuata Dokta, chakula nilijiambia ni kimoja, dawa ipo, na mnyama anaisha. Kwa hiyo mtu yupo. Nilimshuku muuza dawa kwamba amenipa maji. Nilimshuku Mihambo kwamba siku niliyokwenda sokoni akaachiwa yeye sindano, aliimwaga chini. Nilimwuliza. Akaenda kukaa nje. Hata Dokta Rehema nilimshuku, kwamba anajifunzia kwangu. Lakini niliyemshuku kuliko wote alikuwa Mzee Pazi.

Mzee Pazi ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Ni Mzaramo, alikuja Tabora zamani na kazi za reli, akastaafu, akazika mke hapa, akabaki. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, toka enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani. Kwa hiyo kati yangu na yeye hakujawahi kuwa na salamu ya heshima, ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka zaidi ya kumi. Mimi nikifungua mlango asubuhi namwuliza kama bado hajafa, yeye ananiuliza kama nimeshatua mzigo au bado niko njiani. Akipika samaki naingia nachukua. Nikianika michembe ya viazi anakuja anajaza kofia mbele ya macho yangu, na siwezi kumwambia kitu.

Na Kipande alikuwa akipenda kibaraza chake, kwa sababu jua la asubuhi linaanzia kule.

"Huyu paka," Pazi alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "huyu akinenepa kidogo tu namchinja. Ngozi nashona kofia. Nyama nawapelekea shemeji zako Wanyamwezi, hao hawabagui."

"Kwanza jichinje wewe, hata kofia hutoi."

Baada ya ugonjwa akabadilisha maneno. "Anakusumbua bure. Niachie mimi siku moja, namwekea kidonge, anapumzika, na wewe unapumzika." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia. Kisha nikaingia ndani, nikaandika: Pazi kasema kidonge.

Niliandika tarehe na saa. Nikaanza kumtazama kwa kipenyo cha pazia, cherehani ikiwa mbele yangu, mguu ukiwa juu ya pedali bila kusukuma. Kwa kuwa nataka kuwa mkweli, haya ndiyo niliyoyaona katika wiki tatu: mara mbili alimpa kichwa cha samaki. Mara moja alimfukuza kwa kandambili. Mara moja alimnyanyua, akamweka mapajani, akamkagua masikio yalipochomwachomwa, akatikisa kichwa. Basi. Sikuona kingine. Lakini nilisema moyoni: mtu mwenye nia mbaya hafanyi unapomtazama.

Kiuno kikafika inchi kumi na moja. Yuniti zikafika tano. Dokta alisema waziwazi kwamba hajaelewa, na kwamba hatapandisha tena. Kama haishuki nijiandae. Nilirudi nyumbani nikamkuta Kipande ametapika kwenye kitambaa cha mteja, cha sherehe, na ndani ya matapishi kuna jicho la samaki.

Nikaenda kwa mjumbe.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi ni mama mtu mzima, mpole. Aliniita ndani, akamwita Pazi, na majirani watano sita wakaja wenyewe kama kawaida. Nikafungua daftari nikasoma. Tarehe, saa, "kidonge", kichwa cha samaki, kandambili. Nilisoma kwa sauti ya shule.

Mwanzoni walicheka. Walidhani ni utani umepanda ngazi, na Pazi mwenyewe alikuwa akitabasamu akisubiri nimalize nimdai mbuzi wa faini. Nilipomaliza nikasema, "Mjumbe, naomba aulizwe amempa paka wangu sumu gani."

Kicheko kikakatika.

"Nyamizi," alisema mjumbe taratibu, "umeniletea maneno ya mtani wako?"

"Nimeleta niliyoyaona."

"Miaka mingapi mnatukanana ninyi wawili? Aliposema atakuoza kwa Mgogo kwa debe la mtama, ulikuja?"

Pazi akasimama. Alikuwa ameshavua kofia. "Mimi sijampa kitu kibaya," alisema. "Nilimpa vichwa vya samaki. Kama ni kosa sitarudia." Akanigeukia, akasema neno ambalo hakuwahi kuniambia tangu tujuane: "Nisamehe, mama."

Akaenda zake. Majirani hawakuniangalia. Kwetu mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani mbele ya maiti, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Mimi nilichukua maneno ya utani nikayafanya ushahidi. Sijui mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo, na ni mimi niliyekuwa nikijiona mwangalifu kuliko mtaa mzima.

Kesho yake nilifungua mlango, alikuwa anafagia kibaraza. Nikashindwa kumtania. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. "Hujambo?"

Ilikuwa salamu nzuri kabisa, na ilinikaa tumboni kama ugali mbichi.

Wiki sita zilitimia. Dokta alikuwa ameniambia chupa ya dawa ikitimiza muda huo ibadilishwe hata kama haijaisha. Nikanunua nyingine jioni, nikamkuta Mama Ashura kafunga, amekwenda kwenye harusi. Nikaitia chupa ndani ya kopo, kopo nikalilaza pembeni ya mtungi wa maji. Asubuhi Kipande akala, nikavuta yuniti tano kama siku zote, nikamchoma. Akatoka nje kufuata jua.

Saa nne nilikuwa nashona kola. Mlango ukasukumwa kwa mguu. Pazi amesimama amemkumbatia Kipande, na Kipande ananing'inia kama kitambaa kilicholoweshwa.

"Paka wako anakufa."

Nitaandika nilichosema, ingawa naona haya. Nilisema, "Umempa nini?"

"Shika paka kwanza!" alinikemea. "Kesi baadaye."

Kichwa kilikuwa kimelegea, udenda unatoka, macho makubwa meusi hayaoni. Miguu inapigapiga kama anakimbia akiwa amelala. Nikafungua daftari, nikawa napekua kurasa tu, mpaka Pazi akaninyang'anya akasoma yeye. "Akilegea ghafla, asali kwenye ufizi. Asali ipo?"

Nyumba ya mrina asali. Ndoo tatu zilikuwa nyuma ya mlango. Nikachota kwa kidole. Pazi akapiga magoti, akafumbua mdomo wa Kipande kwa vidole vyake viwili vikubwa, mimi nikapaka, nikasugua, nikapaka tena. Asali ilitapakaa kwenye manyoya, kwenye shati la Pazi, kwenye ile kola niliyokuwa nashona. Nilihesabu pumzi za paka, na Pazi nilimsikia naye anahesabu, chini chini, kwa Kizaramo.

Sijui ilichukua muda gani. Kuna mahali ulimi ulisogea. Halafu ukalamba. Halafu Kipande akamng'ata Pazi kidole, na Pazi akasema, "Ng'ata, bwana. Ng'ata tu."

Tukachukua bajaji, watatu. Pale kwa Dokta benchi lilikuwa limejaa, lakini waliotuona tumetapakaa asali mpaka viwikoni walitupisha bila swali. Kipimo kikasoma tatu, na hapo ni baada ya asali yote ile.

Dokta Rehema akaniuliza leo kumebadilika nini. Nikasema hakuna. Akarudia, taratibu, kitu kimoja kimoja. Chakula? Kile kile. Kiasi cha dawa? Kile kile. Dawa yenyewe?

"Chupa mpya. Jana."

"Ile ya zamani ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwenye baridi. Kwa jirani anayeuza barafu."

"Kwenye jokofu, sehemu ya chini?"

"Kwenye friza," nikasema. "Katikati ya barafu. Nilikuwa naikuta ngumu kama jiwe, naishika kwapani mpaka inayeyuka, ndiyo naichoma."

Nilisema hivyo kwa kujisifu kidogo, bado nakumbuka. Mama Ashura aliniuliza siku ya kwanza, "Niiweke wapi?" na mimi nikamjibu, "Panapoganda vizuri zaidi." Kwetu kitu kikiganda ndiyo kimehifadhika. Samaki wa Kigoma anafika Tabora mzima kwa sababu ameganda.

Dokta akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Kwamba ukitoa zile siku mbili za kwanza, kabla haijaganda yote, kwa wiki sita nilikuwa nachoma kitu karibu na maji. Kwamba ndiyo maana tulikuwa tunapandisha bila matokeo, na leo yuniti tano zilikuwa tano za kweli. Tumbo nalo, alisema, lisingetulia wakati sukari iko juu vile, na tena mimi nimekuwa nikimbadilishia chakula. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila alipoharisha nilijaribu kingine nikinyamaza. Jicho la samaki halikuwa na neno.

Je, aliniambia isigande? Nimejiuliza mara nyingi. Yeye alisema anadhani aliniambia, ila hana uhakika. Mimi daftari langu lina "baridi" peke yake. Kwa hiyo sitamsingizia. Ila wewe unayesoma, iandike kubwa: baridi, ISIGANDE. Kama huna jokofu, uliza kuhusu mtungi wa maji. Mimi Dokta alinikubalia mtungi, mahali pa kivuli, na ndipo ilipo mpaka leo.

Pazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni muda wote, Kipande mapajani. Alisikia kila neno. Nilisubiri aseme lolote. Angenitukana ukoo mzima mpaka aliyebeba mzigo wa kwanza, ningeshukuru. Alisema, "Alhamdulillahi, amepona," akaninyooshea kapu.

Nilimwomba mjumbe atuite tena, watu wale wale, na nikasema mbele yao kwamba sumu nilikuwa naichanganya mwenyewe, kwapani. Nikamwomba Pazi ataje faini. Mtani wa kweli angetaka beberu na pishi la mchele, akaondoka na kigoda changu juu. Alisema, "Mimi sidai kitu, mama." Mama Ashura alilia, alidhani yeye ndiye aliyeua dawa. Nikamwambia alichofanya ni nilichomwambia. Kwa Mihambo niliomba msamaha nyumbani. Alisema, "Ile sindano sikuimwaga," akaendelea kula.

Tukaanza upya na yuniti moja, baadaye moja na nusu, na kipimo cha sukari nikanunua cha kwangu. Mvua zikaisha, baridi ya asubuhi ikaingia, tumbaku ikaanza kupita barabarani kwenye malori. Sukari ikashuka ishirini, kumi na saba, kumi na mbili. Kinyesi kikashikana. Siku Kipande aliporuka juu ya meza ya kukatia, kwa miguu yake ya nyuma mwenyewe, nilikata kitambaa cha watu vibaya na sikujali. Kiuno, inchi kumi na mbili na nusu. Kumi na tatu.

Lakini nisidanganye kwamba nilipona na mimi. Sukari ikipanda hata kidogo, jicho langu linakwenda kwenye pazia. Nalikamata, nalirudisha. Tofauti ni moja, kwamba sasa nikitaka kuandika jina la mtu naanza kuandika la kwangu, na mara nyingi halihitajiki la pili. Na kila asubuhi, ukuta kwa ukuta: shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Miezi mitatu.

Halafu shangazi yangu akafariki Igalula. Mihambo alikuwa porini. Lazima niende, na msiba ni siku tatu, na sindano haingoji. Mama Ashura sindano akiiona anakaa chini. Nikasimama mbele ya kibaraza cha Pazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee, naomba unichomee paka."

Alinitazama. "Unanipa mimi sindano."

"Ndiyo."

"Na nikiweka kitu?" Hakutabasamu. Alitaka jibu.

"Nitakuwa nimekupa mwenyewe," nikasema.

Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nionyeshe hiyo ngozi inavutwaje."

Nikamwonyesha mara mbili. Mara ya tatu alivuta mwenyewe, na Kipande hakukimbia. Nikamwachia chupa, mtungi, kipimo na daftari. Nikapanda treni.

Sitaficha: msibani nilikuwa natoka nje ya ua na simu. Pazi anasema "mzima," anakata. Nikilala nashuku, nikiamka nashuku, na wale waliokuwa wakinipa pole walidhani ni kwa ajili ya shangazi. Kwa hilo shangazi anisamehe. Siku ya nne nikarudi. Kipande alikuwa juani kwenye kibaraza cha Pazi, amejinyoosha. Pazi hakuwepo, amekwenda msikitini. Daftari lilikuwa mezani kwangu, mwandiko wake wa reli, herufi zimesimama wima:

"Jumamosi asubuhi: kala kichwa cha sato, yuniti moja na nusu. Jioni hivyo hivyo. Jumapili: kanikwaruza, nimemsamehe. Kinyesi kigumu, kizuri, nimekitazama ingawa sijazaliwa kwa kazi hiyo. Jumatatu: sukari tisa. Jumanne: kumi. Mgonjwa hajambo. Mwenye mgonjwa ndiye hajapona: kapiga simu mara kumi na moja. Mnyamwezi huyu apimwe kiuno na kichwa, hasa kichwa."

Nilisoma nimesimama, mzigo bado begani. Kisha nikachukua simu nikahesabu nilizopiga, na nikampigia Mihambo, ambaye kwenye mizinga yake hupata mtandao akipanda juu ya kichuguu tu. Nilimwuliza. Alikana kwanza, halafu akakubali kwamba na yeye alimpigia Pazi.

Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya mwandiko wa Pazi: "Si kweli. Nimepiga tisa. Mbili ni za Mihambo."